Kasi na Kiasi: Istilahi ya Kuchaji Haraka Magari ya Umeme katika Njia ya Gitega, Muyinga na Kobero

Ikisiri

Makala haya yanaeleza maana ya kuchaji haraka magari ya umeme katika safari ndefu na kuonyesha kwa nini maneno "kuchaji haraka" hayatoshi kuandikia sera, zabuni au kibao cha barabarani. Mfano unaotumika ni njia inayotoka Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, kupitia Muyinga hadi mpaka wa Kobero na kuendelea Tanzania. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili cha kila siku tayari kina neno la kutaja kiasi cha nishati, yaani uniti, lakini hakijazoea kutaja kasi ambayo kiasi hicho hutolewa, yaani kilowati. Mahali ambapo umeme ni haba, kasi hiyo ndiyo huamua msafiri atasubiri kwa muda gani na nani atapungukiwa na umeme wakati yeye anasubiri. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza istilahi chache pamoja na takwimu nne zinazopaswa kuandikwa kila kituo cha kuchaji kinapopangwa.

1. Utangulizi

Burundi huagiza kutoka nje mafuta yote ya petroli na dizeli inayotumia, na sehemu kubwa ya shehena yake hupitia bandari ya Dar es Salaam. Katika miaka ya karibuni uhaba wa mafuta na foleni za magari kwenye vituo vya kuuzia mafuta vimekuwa jambo la kawaida kwa wakazi wa Bujumbura, Gitega na miji mingine. Haishangazi basi kwamba gari la umeme limeanza kuzungumzwa kama njia ya kupunguza utegemezi huo. Mazungumzo hayo yamezoea kuishia kwenye idadi: nchi ijenge vituo vingapi vya kuchaji, na vitenganishwe kwa kilomita ngapi? Makala haya yanadai kwamba swali la idadi haliwezi kujibiwa kabla ya kukubaliana tunaita nini "kituo cha kuchaji haraka".

Wanaisimu wana sababu ya kulishughulikia jambo hili. Uamuzi wa wakuu wa nchi wa mwaka 2021 ulikipa Kiswahili na Kifaransa nafasi ya lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kiingereza, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ina jukumu la kukiendeleza Kiswahili katika eneo hili. Nyaraka za miundombinu ya pamoja zitahitajika katika Kiswahili. Njia ya Gitega hadi Kobero ni mahali pazuri pa kulijaribu jukumu hilo, kwa kuwa dereva anayeipita hukutana na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili ndani ya siku moja, na akivuka mpaka hubadili hata upande wa barabara: Burundi huendesha kulia, Tanzania kushoto.

2. Ndoo na bomba

Mtumiaji wa umeme wa kulipia kabla anaijua uniti. Huko Tanzania hununua uniti kwa LUKU, Kenya hununua tokeni, na kote huko namba inayopungua kwenye mita ni ileile: kilowati-saa. Uniti ni kiasi, kama ndoo ya maji. Uwezo wa betri ya gari hutajwa kwa kipimo hichohicho. Betri ya uniti 60, ambayo ni ya kawaida kwa gari la familia, ni ndoo ya uniti 60.

Kilowati ni kitu kingine. Ni kasi ambayo maji hutoka bombani. Bomba la kilowati 7 likifunguliwa kwa saa moja hutoa uniti 7. Bomba la kilowati 50 hutoa uniti 50 kwa muda uleule. Kwa hiyo swali "kituo hiki kina umeme kiasi gani?" ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja, nalo hujibiwa vibaya kila yasipotenganishwa.

Tuchukue gari lenye betri ya uniti 60 linalotumia uniti 20 kwa kila kilomita 100. Msafiri wa mbali kwa kawaida hachaji hadi asilimia 100, bali kutoka asilimia 10 hadi 80, yaani uniti 42. Sababu iko ndani ya betri yenyewe. Anayejaza gunia la maharage humimina kwa wingi mwanzoni, lakini gunia likikaribia kujaa huanza kushindilia kidogo kidogo. Betri nayo hupokea umeme kwa kasi ikiwa na nafasi, kisha hujipunguzia kasi inapokaribia kujaa ili isipate joto na kuharibika.

Uniti hizo 42, kwa kasi ya kilowati 7, huchukua saa 6. Kwa kilowati 22 huchukua karibu saa 2. Kwa kilowati 50 ni kama dakika 50. Kwa kilowati 150 hesabu ya karatasini hutoa dakika 17, lakini kwa kuwa betri hujipunguzia kasi, nusu saa ni makadirio ya haki zaidi.

Kutoka Gitega hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Gari hilo litahitaji uniti zipatazo 260. Likiondoka limejaa, litasimama kuchaji kama mara tano njiani. Vituo vitano vya kilowati 50 vitamgharimu msafiri saa nne na ushei za kusubiri. Vituo vitano vya kilowati 7 vitamgharimu saa 30. Katika ripoti inayohesabu vituo tu, safari hizo mbili huonekana sawa.

3. Chaja iko wapi?

Mkanganyiko wa pili unatokana na neno "chaja". Simu ilitufundisha kwamba chaja ni kile kifaa cha ukutani. Katika gari la umeme mambo hutegemea aina ya mkondo.

Umeme wa gridi hufika majumbani ukiwa mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Betri huhifadhi mkondo mnyoofu pekee. Lazima basi pawe na mtambo wa kugeuza mkondo mmoja kuwa mwingine. Gari linapochomekwa kwenye soketi ya nyumbani au ya hotelini, mtambo huo umo ndani ya gari. Soketi ya ukutani haigeuzi chochote. Inapitisha umeme tu na kulinda usalama. Chaja ya ndani ya gari ni ndogo kwa sababu hubebwa kila mahali: magari mengi yana ya kilowati 7 au 11. Soketi ikiandikwa kilowati 22, gari lenye chaja ya ndani ya kilowati 7 litaendelea kupokea 7.

Katika kituo cha mkondo mnyoofu, mtambo wa kugeuza umetolewa garini na kuwekwa ardhini. Kwa kuwa haubebwi, unaweza kuwa mkubwa kama kabati au kontena, na kutoa kilowati 50, 150 au zaidi moja kwa moja kwenye betri. Hapo ndipo kuchaji haraka kunapoanza. Kifaa hiki ndicho chaja kwa maana kamili, nacho hugharimu mara nyingi zaidi ya soketi. Nyaraka zinazoita vifaa vyote viwili "chaja" humpa mzabuni nafasi ya kujenga cha bei nafuu na kudai kuwa ametimiza mkataba.

Plagi ina ugumu wake. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia plagi ya CCS2, yaliyotengenezwa kwa soko la Uchina hutumia GB/T, na baadhi ya magari yatokayo Japani, kama Nissan Leaf za miaka ya nyuma, hutumia CHAdeMO. Afrika Mashariki hununua magari mapya na yaliyotumika kutoka masoko hayo yote. Dereva anayevuka Kobero amezoea kubadili upande wa barabara; hataweza kubadili tundu la gari lake.

4. Neno "haraka" katika sheria za wengine

Kiswahili hakiko peke yake katika tatizo hili. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu miundombinu ya nishati mbadala yaligawa vituo katika makundi mawili: vya nguvu ya kawaida, hadi kilowati 22, na vya nguvu kubwa, zaidi ya kilowati 22. Kanuni ya mwaka 2023 iliyochukua nafasi ya maelekezo hayo iliongeza ngazi. Katika kanuni hiyo, mkondo geu huitwa wa haraka ukizidi kilowati 22, ilhali mkondo mnyoofu huitwa wa haraka ukifika kilowati 50, na ukifika kilowati 150 hupanda daraja lingine. Hivyo neno moja, ndani ya kanuni moja, lina maana mbili.

Kilichoiokoa kanuni hiyo ni kwamba wajibu wenyewe haukuandikwa kwa neno "haraka". Uliandikwa kwa namba. Katika mtandao mkuu wa barabara za Ulaya, kufikia mwisho wa mwaka 2025, kila umbali usiozidi kilomita 60 ulitakiwa kuwa na eneo la kuchaji magari madogo lenye jumla ya angalau kilowati 400, likiwa na angalau chaja moja ya kilowati 150. Marekani nayo, katika kanuni za mwaka 2023 za mpango wake wa barabara kuu, ilidai chaja nne kila baada ya maili 50, ambazo ni kama kilomita 80, kila moja ikiweza kutoa kilowati 150 wakati ambapo zote nne zinatumika.

Sharti hilo la wakati mmoja ni la msingi. Mashine nyingi zina nyaya mbili zinazogawana uwezo wa mtambo mmoja. Kibao kinasema 150; magari mawili yakisimama, kila moja hupata 75. Kwa Kiswahili sharti hilo linaelezeka bila taabu, "kila plagi, zote zikitumika kwa pamoja", ila lazima liandikwe.

5. Gitega hadi Kobero

Namba za Ulaya na Marekani hazifai kunakiliwa Burundi. Hatua ya kwanza ni kutazama ardhi na gridi.

Malori mengi kutoka Bujumbura kwenda Kobero hupanda Bugarama, kisha hupitia Kayanza, Ngozi na Muyinga. Anayetoka Gitega hupitia Karuzi hadi Muyinga, mwendo wa karibu kilomita 100, kisha huteremka Kobero. Kwa gari tulilolichukua kama mfano, safari ya ndani ya Burundi haihitaji chaja ya haraka kabisa: betri iliyojazwa usiku nyumbani huenda Gitega hadi Muyinga na kurudi. Anayeihitaji ni yule anayeendelea mamia ya kilomita mbele, kuelekea Kahama, Singida na Dodoma, au anayeingia kutoka huko betri ikiwa imekaribia kuisha. Kwa sababu hiyo Muyinga, mji wa mwisho mkubwa kabla ya mpaka, una umuhimu usiolingana na ukubwa wake.

Milima huongeza hesabu. Bujumbura iko kandokando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Bugarama huvuka mita 2,000. Kuinua gari la tani mbili kwa mita 1,200 pekee hutaka uniti 6.5, kabla ya kuhesabu msuguano wa magurudumu na ukinzani wa hewa. Gari la umeme hurudishiwa sehemu ya nishati hiyo linapoteremka, kwa kuwa mota yake hugeuka kuwa jenereta, lakini si yote. Mpangaji anayepima umbali kwa kilomita za ramani atawaacha watu njiani.

Kwa upande wa gridi kuna habari njema. Mtambo wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, unamilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania, na kila nchi ina haki ya theluthi moja, yaani takriban megawati 27. Njia ya umeme ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Rusumo kwenda Burundi hupitia Muyinga na kuishia Gitega. Karibu na Gitega, huko Mubuga, mtambo wa jua wa megawati 7.5 ulianza kazi mwaka 2021. Miji miwili ya makala haya imekaa juu ya njia hiyohiyo ya umeme.

Hata hivyo, waya wa kilovolti 220 unaopita juu ya kilima hauchaji gari. Umeme lazima upozwe kwenye kituo cha kupozea, usafirishwe kwa msongo wa kati, kisha upite kwenye transfoma yenye ukubwa wa kutosha hadi kwenye chaja. Kituo cha mtindo wa Marekani, chaja nne za kilowati 150, kinadai kilowati 600 kwa wakati mmoja. Hiyo ni asilimia 8 ya uwezo wote wa Mubuga jua likiwa kali, na zaidi ya asilimia 2 ya fungu la Burundi la Rusumo, kwa ajili ya magari manne.

Njia nyingine ipo, nayo inaonekana tu kwa anayetenganisha kasi na kiasi. Kituo kinaweza kuwa na betri yake kubwa. Betri hiyo huvuta umeme kutoka gridini taratibu, tuseme kilowati 50, kwa saa 12 ambazo matumizi ya watu ni madogo. Hukusanya uniti 600, kisha huzitoa kwa kasi ya kilowati 150 gari linapofika. Baada ya kutoa upotevu, zinatosha magari kumi na mawili au kumi na matatu kwa siku. Msafiri anapata kasi anayoihitaji, na gridi inabeba theluthi moja tu ya mzigo wa chaja hiyo. Bei zinaweza kusaidia pia: mwaka 2023 Kenya iliweka bei mahususi ya umeme wa usafiri, iliyo nafuu zaidi katika saa za matumizi madogo.

6. Nani anapungukiwa?

Mshauri wa sera atauliza swali ambalo mhandisi anaweza kuliruka. Ni takriban Mrundi mmoja tu kati ya kumi anayepata umeme. Je, ni haki kumpa msafiri mmoja uniti 42 ndani ya dakika 50?

Katika mfumo wa ngazi ambao Benki ya Dunia huutumia kupima upatikanaji wa umeme, kaya ya ngazi ya pili, yenye taa, redio au televisheni na feni, huhesabiwa kwa saa-wati 200 kwa siku, yaani moja ya tano ya uniti. Uniti 42 za gari moja zingetosha kaya hiyo kwa siku 210. Hesabu hiyo ni ya kweli, na haipaswi kufichwa.

Lakini haitoshi kutoa hukumu, kwa sababu inazungumzia kiasi peke yake. Uniti zinazovutwa usiku wa manane, mto ukitiririka na watu wamelala, hazimzimii mtu taa. Kilowati 600 zinazovutwa saa moja jioni, kila nyumba iliyounganishwa ikiwa imewasha taa, zinaweza kuuzima mtaa mzima. Madhara kwa jirani wa kituo hutegemea kasi na saa. Hii ndiyo sababu makala haya yanalichukulia neno la kasi kuwa suala la haki na si la ufundi peke yake: mkataba usiotaja kilowati na saa za kuvuta umeme hauwezi kumlinda mkazi wa Muyinga, hata kama walioutia saini walikuwa na nia njema.

7. Mapendekezo ya istilahi

Kwanza, "uniti" iendelee kutaja kiasi. Imeshaota mizizi, na hakuna faida kuibadilisha katika matini ya umma. "Kilowati-saa" ibaki kwa matini ya kitaalamu.

Pili, "kasi ya kuchaji" itumike kutaja kilowati, na isiandikwe kamwe bila namba. Neno "nguvu" lingeweza kufikiriwa, lakini mtumiaji wa kawaida akisema umeme hauna nguvu anamaanisha kwamba msongo umeshuka na taa zimefifia, na katika fizikia neno hilo linagongana na dhana nyingine. "Kasi" inaeleweka mara moja na mtu aliyewahi kujaza ndoo.

Tatu, "chaja" itaje mtambo unaogeuza mkondo, na kifaa kinachopitisha mkondo geu kiitwe "soketi ya kuchajia". "Nguzo ya umeme" isitumike, kwa kuwa tayari ni nguzo ya kubebea nyaya.

Nne, kitenzi "kuchaji" kisitumike kwa malipo. Katika Kiswahili cha mitaani, "wanachaji shilingi ngapi?" ni swali la bei. Kibao kinachosema kituo "kinachaji kwa dakika" kinaweza kusomwa kuwa ni cha haraka, au kuwa kinadai malipo kwa kila dakika. Kwa malipo tunacho kitenzi "kutoza", na kinatosha.

Tano, katika Burundi vibao viandikwe kwa Kirundi pia. Lugha hizi mbili zina ujirani wa kifikra unaorahisisha kazi: Kiswahili kiliuita umeme kwa jina la mwanga unaomulika wakati wa radi, na Kirundi kinauita umuyagankuba, jina linalounganisha upepo na radi. Mahali ambapo maneno yanatofautiana, namba na alama ya kW zitasomeka kwa wote.

8. Hitimisho

Kuchaji haraka ni uhusiano kati ya kasi ya chaja, ukubwa wa betri na umbali uliobaki. Kwa hiyo sera, zabuni au taarifa yoyote ya kituo cha njiani, iwe Gitega, Muyinga au upande wa pili wa mpaka, iandikwe ikiwa na takwimu nne: kasi ya kila plagi kwa kilowati zote zikitumika kwa pamoja, kasi ya juu kabisa ambayo kituo kinaruhusiwa kuvuta kutoka gridini, pamoja na saa zake, idadi ya plagi za kila aina, na bei inayotozwa kwa uniti. Takwimu ya kwanza na ya tatu humlinda msafiri, ya pili humlinda mkazi, na ya nne huwalinda wote wawili. Kiswahili kina maneno ya kuzieleza zote. Kilichobaki ni waandishi wa nyaraka za Jumuiya kukubaliana kuyatumia kabla vituo vya kwanza havijajengwa, maana ni rahisi zaidi kusahihisha rasimu kuliko kung'oa mtambo uliokwisha kufungwa.